Ua Lisilo na Pacha

Ua la kwenye sweta la dukani siku hizi hufumwa na mashine. Petali ya kushoto hulingana na ya kulia hadi kitanzi cha mwisho, na sweta la elfu moja ni pacha wa la kwanza. Linapendeza, lakini ukilitazama mara ya pili huoni jipya.

Kaffe Fassett amefuma kinyume cha hayo kwa zaidi ya miaka 50. Alizaliwa San Francisco mwaka 1937, na alikuwa mchoraji wa picha alipohamia Uingereza mwaka 1964. Akiwa safarini Scotland na mbunifu wa mavazi Bill Gibb, aliingia katika kiwanda cha sufu na kuzikuta kwenye nyuzi rangi zile zile alizokuwa akizitazama milimani. Alinunua rangi 20 na sindano, ilhali kufuma hakujui! Ndani ya treni ya kurudi London, mwanamke aliyesafiri naye akamwonyesha jinsi ya kuanza. Mwingine angejaribu kwanza skafu ya rangi moja. Yeye sweta lake la kwanza alilitia rangi zote 20.

Nakshi yake iitwayo Popi za Kiajemi ndiyo inayoonyesha vizuri uhuru huo. Fundi hukata nyuzi vipande visivyolingana, akavifunga ncha kwa ncha, kisha akakunja madonge mawili: moja la maua, jingine la uwanja. Mchoro humwambia tu wapi pana ua na wapi pana uwanja. Rangi itakayotokea huamuliwa na fundo linalofuata. Ua huanza na damu ya mzee, likageuka waridi katikati ya petali, likaishia kwenye chungwa. Jirani yake, lenye umbo lile lile, likawa la urujuani. Hata fundi mwenyewe hajui vazi litakavyokuwa mpaka alimalize.

Wengine huacha mchoro kabisa, wakafuata ua lililo mbele yao. Lakini uhuru huo una masharti yake. Giza la ua likilingana na giza la uwanja, ua humezwa hata kama rangi zenyewe ni tofauti. Ndiyo maana fundi hulitundika vazi ukutani, akarudi nyuma, akalitazama kwa macho nusu. Kazi hiyo haina njia ya mkato.

Wakubwa wa sanaa waliitambua. Mwaka 1970 vazi la Gibb, pamoja na kizibao kilichobuniwa na Fassett, liliteuliwa kuwa Vazi la Mwaka na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bath. Mwaka 1988 Victoria and Albert Museum ya London ikamfanyia Fassett maonyesho yake peke yake.

Heshima hiyo haikuzuia hasara kwingine. Katika visiwa vya Shetland, vinavyosifika kwa sufu na nakshi za rangi, wanawake walijifunga ukanda wa ngozi wenye matundu, uliojazwa manyoya ya farasi, wakachomeka sindano humo na kufuma huku wakitembea na vikapu mgongoni. Mwaka 2010 masomo ya kufuma yaliondolewa katika shule za msingi za visiwa hivyo. Ufundi wa vizazi ukafutwa kama gharama isiyo ya lazima, na leo ni watu wa kujitolea wanaoketi na watoto kuwafundisha.

Afrika Mashariki nako, vitambaa vya makochi vilivyofumwa maua na kina mama vinaondoka sebuleni kimya kimya. Aliyeachiwa kimoja asikifanye tambara la kufutia meza. Kama aliyekifuma yungali hai, amfuate wiki hii, aketi karibu na mikono yake, na aombe kufundishwa kitanzi cha kwanza.