Laana ya Hamu katika Kitabu cha Speke
Twawafundisha wanafunzi kwamba John Hanning Speke aliliona ziwa letu hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Ni nadra tukawaonyesha kwamba kitabu chake cha mwaka 1863 kinamhesabu Mwafrika kuwa mwana wa Hamu, aliyelaaniwa awe mtumwa wa nduguze. Tukifungua Mwanzo, mlango wa 9, aliyelaaniwa na Nuhu ni Kanaani, na rangi ya ngozi haikutajwa kamwe. Basi Speke hakuyapata hayo katika Maandiko. Alilelewa nayo kwao. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Mkristo vilevile, aliimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945. Wahenga wake hulima, huvua, hutamani mtoto, wala hawabebi laana yoyote ya Nuhu. Riwaya hiyo ilingoja kuchapwa hadi 1980.