Jini Asiyeulizwa Kwao

Filamu ya Shumileta (2005) ya mwongozaji Mussa Banzi wengi wanaikumbuka kwa kutisha. Mimi naikumbuka kwa mapenzi. Jini mwanamke, anayeigizwa na Jennifer Mwaipaja, anampenda binadamu. Hapo ndipo penye utamu, na hapo hapo ndipo ninapogombana na hadithi zetu za majini.

Kwetu, kijana akileta mchumba nyumbani, swali la kwanza ni: kwao wapi? Ukoo gani? Ndiyo maana mshenga hutumwa. Jini hana mjomba wala shangazi wa kuendewa. Jambo hilo peke yake lingetosha kumnyima mtazamaji usingizi. Lakini hadithi zenyewe zina haraka, bwana! Meno yanatoka, damu inamwagika, mganga anaitwa, basi, kwisha. Na huyo mganga, eti anayeona yote, yeye hana moyo wa kupenda?

Mimi ninayeandika riwaya kwenye daftari hapa Kizota sina meno ya bandia wala damu ya rangi. Ninalo swali tu. Waandishi wenzangu, tumwache mgeni akae sebuleni, anywe chai, wala asiulizwe kwao. Msomaji ataogopa mwenyewe.