Sumu iliyobebwa na mkondo
Nchini Kongo, chini kidogo ya mji wa Kongolo, kwenye mlango mwembamba wa Portes d'Enfer, mto Lualaba huanza kugonga miamba, na maporomoko huendelea kuelekea Kasongo. Meli zilikwama, ndipo ikajengwa reli ya Kindu–Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911. Maji hayo yanayokataa meli ndiyo yanayowafaa mabuu wa inzi weusi, waenezao usubi, yaani upofu wa mtoni.

Buu hatafuti chakula. Hujishikiza kwenye jiwe au jani lililozama kwa kulabu za mkiani, akatandaza vifagio viwili vya kichwani na kuchuja kinachopita. Maji yakituama, hana maisha.

Mwaka 1946, katika bonde la Kodera, magharibi mwa Kenya, watafiti Garnham na McMahon waliitumia tabia hiyo ya buu kuchuja maji. Walitia DDT mtoni, wakauachia mkondo kazi ya kuisambaza. Ajabu ni kwamba makao ya mabuu wa inzi wa huko, Simulium neavei, hayakuwa yamejulikana bado. Mwaka 1950 ndipo van Someren na McMahon walipowakuta wamejibandika kwenye miili ya kaa wa mtoni. Lakini sumu haikuhitaji anwani: popote buu alipokaa, alikula alicholetewa na maji. Ilibidi tu dozi irudiwe, maana mayai na pupa hawali, na sumu huwapita.

Kasongo ifanye vivyo hivyo? Sidhani. Vijito vinavyoingia mto Luama kule Kabambare labda. Lualaba yenyewe, hapana. Ni mto mpana mno, na inzi wa huko, wa kundi la Simulium damnosum, husafiri mbali. Léopoldville (Kinshasa ya leo) iliwaangamiza inzi hao mwaka 1948, ila kwa kutumia ndege. Tena DDT huua samaki, na watu wa mkoa wa Maniema hula samaki wa Lualaba.

Kwa hiyo vita vimehamia mwilini mwa watu. Ivermectin, ambayo Merck huitoa bure tangu 1987, huua vijiminyoo vya ngozini. Lakini haiui minyoo wazima, ambao huishi miaka 10 hadi 15, hivyo dawa hurudiwa kila mwaka. Mgawaji wa kijiji habebi mizani. Humsimamisha mtu kando ya ufito wenye alama, na kimo chake ndicho kinachoamua idadi ya vidonge.