Pwani Tunaisoma Kinyumenyume

Kila Agosti stori ni ile ile. Shule zimefungwa, mtu anaandika "Mombasa?" kwa grupu ya familia, na kabla hujajibu washaanza kuchanga pesa ya mafuta. Mnatoka Nairobi alfajiri, mnanyoosha miguu Mtito Andei, jioni mko kisiwani. Kesho yake Fort Jesus, picha kando ya mizinga. Kesho kutwa Malindi, picha kando ya nguzo ya Vasco da Gama. Gede mnapitia mkirudi, kama watoto hawajachoka.

Familia yetu imefanya hivyo miaka mingi. Mwaka huu ndipo nikagundua kwamba hiyo si ratiba tu. Ni namna ya kusoma historia, na tunaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Vasco da Gama alifika Malindi 1498. Gede kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mji wenyewe ni wa zamani kuliko kaburi hilo.

Nianze na sifa, maana Fort Jesus inastahili. Kama hadithi, ni ngumu kuishinda. Wareno walijenga, ramani ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia humo akamuua kapteni wao na kuiteka ngome. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Waingereza wakaigeuza jela, ikabaki jela hadi 1958. Kuna hata michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno waliokaa humo. Watoto wetu walizunguka wee hadi jua likawashinda.

Shida ni kuanzia hapo. Ukiifanya ngome kuwa ukurasa wa kwanza, Pwani inazaliwa siku mgeni anaposhuka melini. Wenyeji wanaingia kwenye stori kama watu wa kutekwa, kuasi, au kubeba mawe. Kisha unaenda Malindi, na pale kwenye nguzo unafundishwa tena kuhesabu miaka kuanzia kwa mgeni. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, akapelekwa kifungoni Kisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu, ana sanamu mji huo huo. Jiulize familia ngapi zinaondoka na picha ya nguzo bila picha yake. Sisi tulikuwa mojawapo.

Tulipofika Gede, tayari tulikuwa tumeshazoea hesabu hiyo. Mamangu amezaliwa Kilifi, ndani ndani, na ni Mgiriama. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa na daftari la kazi ya likizo. Akamuuliza, "Nyanya, nani alijenga hapa?" Mama akajibu bila kufikiria, "Waarabu, mjukuu wangu. Sisi tulikatazwa hata kucheza humu." Mtoto akaandika: Gede ilijengwa na Waarabu. Mimi niko pale, nimesoma hadi chuo, na sikuwa na jibu la kumpa.

Nimelitafuta jibu tangu turudi. James Kirkman alianza kuchimba Gede 1948, na kitabu chake cha 1954 kikaitwa The Arab City of Gedi, Mji wa Kiarabu wa Gedi. Baadaye ndiye aliyechimba Fort Jesus na kuwa mtunzaji wake wa kwanza. Simdharau. Bila kazi yake tungekuwa tunatazama vichaka tu. Lakini jina la kitabu ni hoja, na hoja hiyo ilitoka kitabuni ikaenda mashuleni, ikafika hadi kwa mamangu, mtu aliyekulia karibu na kuta hizo, akaamini hazimhusu.

Wanaakiolojia waliofuata wameipangua. Kule Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji ulionyesha mji ulioanza kwa udongo na miti, ukakua taratibu hadi kuwa wa mawe. Hakuna siku ambayo meli ilishusha mji mzima. Pia si kweli kwamba wageni hawakuwepo. Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature, kwa mifupa kutoka miji kama Mtwapa na Manda, ulikuta kwamba upande wa kina mama asili ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na upande wa kina baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Kwa hivyo anayesema "Waarabu tu" amekosea, na anayesema "sisi tu" pia amekosea.

Gede yenyewe inakuonyesha hivyo ukiipa muda. Nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Mpwa wangu akauliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuuliza: "Anti, kwani mkasi ulikuwa wa nani?" Hatujui. Kitu kimepata jina, mwenyewe hana. Kama kuna pengo la kukosoa Gede, ni hilo, na haliwezi kuzibwa kwa kuchagua kabila moja na kulikabidhi funguo za mji.

Lakini mwisho tulisimama kwenye kisima. Mama akachungulia chini akasema, karibu kwa kunong'ona, "Madzi." Ni Kigiriama, maana yake maji. Kigiriama na Kiswahili ni lugha ndugu, zote za kundi la Kisabaki, pamoja na Kipokomo na Kikomoro. Siwezi kudai aliyechimba kisima kile alikuwa babu yake. Wagiriama wa leo walikuja kuishi karibu na magofu yale baada ya mji kuhamwa katika karne ya 17. Naweza kudai tu kwamba watu wa mji ule na watu wa mamangu wanatoka kwenye ukoo mmoja wa maneno. Hiyo si haba kwa mtu aliyeambiwa asicheze humo.

UNESCO iliingiza Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia 2024, miaka 13 baada ya Fort Jesus. Sisi hatuhitaji kungoja mtu. Mkipanga safari ya Agosti, mkifika Mariakani kateni kushoto, mpitie Kaloleni mtokee Mavueni, karibu na Kilifi. Anzeni Gede, asubuhi, watoto wakiwa na nguvu. Halafu Malindi, kwa Mekatilili kabla ya nguzo. Fort Jesus iwe mwisho. Mtaikuta bado ni tamu, ila mtaingia mkijua kwamba Wareno walikuta watu.

Daftari la mpwa wangu bado lina ile sentensi. Nimempigia simu nyanya yake, na Jumapili wanaiandika upya pamoja.