Chombo Hakifundishi: Kuhusu Vishikwambi na Mafunzo Mseto

Siku hizi ni vigumu kuhudhuria semina ya elimu bila kusikia habari za "mafunzo mseto", yaani kuchanganya kazi ya darasani ya ana kwa ana na kazi ambayo mwanafunzi huifanya kwa kompyuta, kishikwambi au simu. Hatuna ugomvi na mchanganyiko huo. Tuna ugomvi na fikra inayouandama, kwamba chombo kikishafika basi elimu imefika. Fikra hiyo ni kasumba, na kasumba haina budi kuchambuliwa ili ionekane imetoka wapi na inamnufaisha nani.

Ilipata nguvu mwaka 2005, Nicholas Negroponte wa Marekani alipotangaza mradi wa kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto akipewa mashine atajifundisha mwenyewe. Mwalimu akawekwa pembeni. Peru ilinunua zaidi ya mashine 800,000. Mwaka 2012 utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika, uliofanywa katika shule za msingi 319 za vijijini, haukuona maendeleo yoyote katika hisabati wala lugha. Katika majaribio ya jumla ya kufikiri zilionekana dalili njema kiasi, na haki ni kulisema hilo. Lakini mwuzaji alikwisha kulipwa, na mtoto wa mkulima wa milimani alibaki hajui kusoma vizuri zaidi ya jana.

Jirani zetu wa Kenya waliahidiwa kompyuta katika uchaguzi wa 2013. Kuanzia 2016 vikapelekwa vishikwambi, ambavyo hatimaye vilizidi milioni moja. Faida moja kubwa ya mpango huo ilikuwa umeme, kwani shule nyingi ziliunganishwa ili mashine zipate kuwaka. Balbu nayo ni nyenzo ya elimu.

Wako wanaodhani mseto ni uvumbuzi wa ng'ambo. Hao wamesahau historia yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza, kwa majuma kumi na mawili. Redio ilitoa kipindi, kijitabu kikasomwa, kikundi kikajadili, kisha watu wakachukua majembe wakachimba vyoo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza. Tuitazame vizuri hesabu hiyo. Nguvu kubwa haikuwekwa katika redio, iliwekwa katika kumwandaa mtu atakayekaa na wenzake baada ya redio kuzimwa. Vivyo hivyo, baada ya Azimio la Musoma la 1974, walimu wa UPE walifundisha huku wakisoma kwa posta na kwa redio, wakakutana na wakufunzi wao kila juma. Huo ulikuwa mseto kamili, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Hata hivyo tusiisifu redio kupita kiasi. Redio husema, haisikii. Mwanakijiji aliyekuwa na swali gumu alilibakiza kikundini, au liliandikwa kwenye karatasi na kupanda ngazi polepole. Hapa ndipo chombo cha leo kinapoizidi redio kweli kweli: kinaweza kurudisha swali la mwanafunzi kwa mkufunzi usiku uleule, na mkufunzi akaingia darasani asubuhi akijua wapi watu wamekwama. Nje ya hapo, sehemu kubwa ya sifa zake ni mapambo.

Sasa tutazame tunavyokitumia. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vilikabidhiwa walimu, na hilo lilikuwa jambo la busara, maana mali ya umma haikuachwa ghalani. Lakini mara nyingi mkufunzi hutuma kurasa arobaini za maandishi kwenye kundi la WhatsApp, kesho yake anasimama mbele ya darasa na kuzisoma kurasa zilezile. Huyo hajachanganya kitu. Amehamisha ubao. Uhusiano wa bwana anayenena na mwanafunzi anayenakili umebaki kama ulivyokuwa, ila sasa unatumia umeme. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ililenga mtu mwenye akili ya kuuliza. Kwa hiyo kipimo chetu cha mseto ni kimoja, nani anauliza swali. Kama maelezo yametangulia kwa simu, basi saa ya darasani iwe ya mabishano, ya kufanya hesabu pamoja, ya kusahihishana. Darasa lenye wanafunzi sitini na kishikwambi kimoja cha mwalimu linaweza kufanya hivyo: kipindi kifupi kisikilizwe kwa makundi, kila kundi liandike swali moja, na mwalimu aanze na swali lililorudiwa zaidi.

Kuna jambo la tabaka ambalo semina hulipita haraka. Video ndefu inayotumwa kwa mwanafunzi ina gharama, naye hununua bando kwa fedha ya mfukoni mwake. Mwenye mzazi wa mshahara ataitazama mara tatu. Mtoto wa kibarua ataisimuliwa na mwenzake. Mkufunzi aliyeituma bila kufikiri ameweka karo mpya ambayo hakuna kikao kilichoipitisha. Maandishi mafupi au sauti ya dakika tano hubeba somo lilelile kwa sehemu ndogo ya gharama, na chuo kikiweza kuyaweka katika kompyuta moja ya maktaba, ambapo yeyote huyanakili bila intaneti, hapatakuwa na haja ya bando hata kidogo.