Kumtoa Mtoto Mchezoni: Kosa la Uamuzi katika Somo la Kiingereza, Masisi na Walikale

Uamuzi wa kumketisha pembeni mtoto aliyekosea, katika ule mchezo wa amri ambao Waingereza huuita "Simon Says" na ambao wengi nchini Kongo huujua kwa jina lake la Kifaransa, "Jacques a dit", ni uamuzi mbaya, na ubaya wake unaonekana hata pale mchambuzi anapoweka kando huruma yote na kushika hesabu peke yake. Kanuni za mchezo zinajulikana: mwalimu hutoa amri, watoto hutenda amri ile tu iliyotanguliwa na maneno ya ufunguo, yaani maneno yanayosema kwamba Simon ndiye aliyeamuru, na yeyote atakayetenda amri isiyo na ufunguo hutoka, mpaka abaki mmoja anayepigiwa makofi. Wasomaji wa safu hii wameuona ukichezwa katika masomo ya kielelezo, yaani masomo ambayo mwalimu mmoja huyafundisha mbele ya wenzake ili yachambuliwe, na wengi wao waliondoka wakiwa wameridhika.

Kabla ya kufika kwenye kosa lenyewe, inafaa ikumbukwe ni mtoto gani anayezungumziwa. Mtoto wa Masisi, mashariki mwa Kongo, huanza na Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, hukutana na Kiswahili sokoni, hupewa Kifaransa shuleni, na Kiingereza humfikia kikiwa lugha ya nne. Mwenzake wa Walikale hupita njia hiyohiyo akianzia kwenye Kinyanga, Kirega, Kikumu au Kitembo. Katika mpango wa shule za serikali Kiingereza ni somo la sekondari, ingawa shule za binafsi na vikundi vya lugha hukianza mapema zaidi. Haja yake si ya kubuni. Familia nyingi za Masisi zimeishi katika kambi ya Kiziba, iliyofunguliwa nchini Rwanda mwaka 1996, na nyingine katika makazi ya Rwamwanja, ambayo Uganda iliyafungua tena mwaka 2012. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, na Uganda haijawahi kukiacha. Mwaka 2022 Kongo yenyewe ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo shughuli zake nyingi huendeshwa kwa lugha hiyo. Kwa mtoto kama huyo dakika kumi za mchezo ni sehemu ya mafunzo, wala si mapumziko baina ya sarufi na imla.

Sehemu iliyobaki ya somo haina dosari kubwa: amri huwa fupi, sauti ya mwalimu hufika benchi la mwisho, na msamiati hutolewa katika vitu vilivyomo darasani, yaani mlango, ubao, dirisha na viungo vya mwili.

Sasa itazamwe duru moja tu. Mwalimu anasema "Touch your nose", bila ufunguo. Msichana wa benchi la tatu anagusa pua yake. Mvulana aliye nyuma yake, ambaye hajaelewa neno hata moja, anasimama mikono ikiwa imelala ubavuni. Mwalimu anamnyoshea msichana kidole, darasa linacheka, msichana anaketi, na mvulana anaendelea na mchezo. Katika duru hiyo aliyeelewa sentensi ya Kiingereza ni mmoja, naye ndiye aliyetolewa. Mkono wake ulikwenda puani kwa sababu sikio lake lilipokea amri, akili ikaifasiri, na mwili ukatii kabla hajapata muda wa kujizuia, jambo ambalo mwalimu wa lugha hulitafuta mwaka mzima. Aliyebaki alibaki kwa sababu hakuelewa. Kanuni ya kutoa imemwadhibu mwenye ujuzi na kumlinda asiye nao, na haikufanya hivyo kwa bahati mbaya, maana ndivyo ilivyoundwa.

Kinachopimwa na mchezo huu, katika umbo lake la asili, ni uwezo wa kujizuia, yaani nguvu ya akili ya kusimamisha kitendo kilichokwisha kuanza. Watoto wa Uingereza wanaoucheza kwa lugha yao ya nyumbani hawana haja ya kujifunza maana ya pua. Kwao burudani yote imo katika kujizuia, na ndiyo maana kanuni ya kutoa inawafaa. Mchezo uliotungwa kwa watu wanaoijua lugha umehamishiwa kwa watu wanaoitafuta, pamoja na kanuni zake zote, na waliouhamisha hawakujiuliza kama kipimo bado kinapima kile kinachofundishwa. Hata mtoto anayetenda sawasawa hathibitishi jambo kubwa, kwa kuwa mara nyingi amemtazama jirani yake, au amemtazama mwalimu ambaye naye anagusa pua yake huku akitoa amri.

Hesabu inakuja baada ya mantiki. Chukuliwe darasa la watoto 60, amri 15, na watoto wanne wanaotolewa baada ya kila amri. Amri ya kwanza inasikilizwa na kutendwa na watoto 60, ya pili na 56, ya tatu na 52, na kadhalika mpaka ya kumi na tano inayowakuta wanne. Ukijumlisha, nafasi za kusikia na kuitikia ni 480, ilhali kama hakuna aliyetolewa zingekuwa 900. Nafasi 420, karibu nusu ya mazoezi yote ya kipindi hicho, zimetupwa kwa hiari. Mgawanyo wake ni mbaya kuliko jumla yake: waliotoka kwanza walipata amri moja kati ya 15, na wanne wa mwisho, ambao huenda hawakuhitaji zoezi hilo, walizipata zote.

Katika Masisi na Walikale hasara hiyo ina uzito wa pekee. Elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2019, watoto waliongezeka madarasani kuliko mabenchi. Kisha mapigano, yaliyofika Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huohuo, yaliwahamisha watoto kutoka shule moja hadi nyingine, pengine zaidi ya mara moja. Mtoto anayeingia darasani katikati ya mwaka, akiwa amekosa miezi ya masomo, hana njia ya kuzijua amri ambazo wenzake walizizoea tangu Septemba. Atakosea mapema, atatolewa mapema, na darasa jipya litakuwa limemjua kwa kosa kabla ya kumjua kwa jina. Waliotolewa nao hawakai kimya. Kufikia amri ya nane watoto 28 hawana la kufanya, wanaanza kusukumana kwenye mabenchi, na mwalimu anaacha kufundisha ili atulize ghasia ambazo kanuni yake mwenyewe imezizaa.

Watetezi wa kanuni hiyo husema kwamba bila mshindi hakuna mchezo, kwamba woga wa kutolewa huamsha usikivu, na kwamba mchezo unaopunguza wachezaji hujimaliza wenyewe bila kumsumbua mwalimu. Hoja ya tatu ni ya kweli lakini inahusu raha ya mwalimu. Ya pili inasahau kwamba woga hufunza kusubiri: baada ya duru chache watoto werevu hungoja waone wengine watafanya nini, na mwenye kungoja amekwisha kuacha kusikiliza. Ya kwanza inajibiwa na Waswahili wenyewe. Katika kutegeana vitendawili, desturi iliyotangulia shule za kigeni katika nchi hizi, anayeshindwa kufumbua hafukuzwi barazani. Huombwa mji, naye hutaja mji na kumpa mtegaji, kisha hupewa jibu, na kitendawili kinachofuata humkuta palepale alipokuwa ameketi. Aliyeshindwa hulipa, hujifunza, na hubaki. Mtegaji aliyekusanya miji mingi ni mshindi ambaye kila mtu anamwona, wala hapana aliyenyimwa zamu.

Hata katika vitabu vya wataalamu, waliotangulia waliona mbali kuliko warsha za siku tatu zinazogawa orodha za michezo pasipo kueleza kinachoifanya ifundishe. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeeleza mwaka 1969 mbinu ya mwitikio wa mwili mzima, yaani kujifunza lugha kwa kutii amri kwa vitendo kabla ya kulazimishwa kusema, hakumtoa mtu. Alipotaka kujua kama wanafunzi wameelewa kweli au wamekariri, alipanga upya maneno yaleyale katika amri ambayo hawajawahi kuisikia: waliozoea kukaa kitini na kuweka kitabu mezani waliambiwa wakae mezani. Mwaka 1992 Penny Ur na Andrew Wright walikusanya shughuli za dakika tano zinazotaka ubao, chaki na vinywa vya watoto, wala hazitaki mashine wala kadi zilizochapishwa Ulaya.

Aliye karibu zaidi na hali ya Masisi ni Michael West, Mwingereza aliyefundisha walimu mjini Dhaka wakati wa ukoloni na ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu kizima kuhusu kufundisha Kiingereza katika mazingira magumu, akimaanisha madarasa yaliyofurika, wanafunzi waliobanana kwenye mabenchi na mwalimu ambaye huenda hakimudu Kiingereza vizuri. West aliazima kwa makampuni ya bima wazo la thamani ya kukatisha, yaani kiasi anachorudishiwa mtu anayeacha kulipa kabla ya mkataba kwisha, akauliza kila kozi ya lugha swali hilohilo: mwanafunzi anayelazimika kuacha katikati anaondoka na nini mkononi? Swali hilo likiulizwa juu ya mchezo wa dakika kumi, jibu la kanuni ya kutoa ni fedheha. Mtoto wa Nyabiondo au wa Pinga, ambaye hana hakika kama wiki ijayo atakuwa katika shule hiyohiyo, anaondoka na amri moja.

Hapa hapana budi kurudia malalamiko ya zamani ya safu hii, kwa sababu yanatoka katika shina moja na kosa linalochambuliwa. Kiitikio cha darasa zima, ambapo watoto 60 hupaza salamu moja kwa mpigo na mwalimu hutabasamu kana kwamba 60 wamezungumza, humficha asiyejua kama vile mchezo wa Simon unavyomtoa anayejua. Bonboni anayopewa mshindi hufundisha kwamba Kiingereza ni cha mmoja. Na karatasi ya maandalizi ya somo, ambayo wakaguzi huikagua kwa makini kuliko wanavyowakagua watoto, ina mahali pa kuandika lengo, mbinu na zana, lakini haina mahali pa kuandika ni watoto wangapi watakaofanya kazi katika kila dakika.

Marekebisho hayahitaji fedha. Kwanza, ufunguo wa Simon ungeondolewa kabisa katika wiki za mwanzo, amri zikabaki amri, kwa kuwa mtoto hana haja ya kujizuia kutenda asichokijua bado. Baadaye mahali pa Simon pangewekwa neno la adabu "please", ambalo mtoto atalitumia maisha yake yote, tofauti na jina la Simon lisilo na kazi nje ya mchezo. Pili, mwalimu angetoa amri mikono yake ikiwa mgongoni na watoto wakiwa wamefumba macho, ili sikio lifanye kazi bila msaada wa jirani. Tatu, msamiati ungetoka nje ya dirisha: ng'ombe, maziwa, jibini, viazi na kilima kwa mtoto wa Masisi, mto, msitu, mihogo na mawese kwa mtoto wa Walikale, nao ungepangwa upya kila siku kwa namna ya Asher, leo mtoto akamue ng'ombe, kesho abebe ng'ombe mgongoni. Siku mvua kubwa inapopiga mabati na kuimeza sauti ya mwalimu, mchezo ungegeuzwa: mwalimu atende kimya, na watoto wa kila benchi waambiane kwa Kiingereza alichokitenda.

Nne, na hili ndilo la msingi, anayekosea angetoa mji. Angesimama na kusema kwa Kiingereza "I give you Pinga", au Sake, au Rubaya, au Mubi, mwalimu angeuandika mji huo ubaoni upande wake, na mtoto angeendelea na amri inayofuata. Kosa lingezaa sentensi kamili ya Kiingereza kutoka kinywani mwa yule anayeihitaji zaidi, mashindano yangekuwa kati ya darasa na mwalimu, na mwisho wake ungejulikana kwa kuhesabu miji iliyo ubaoni. Nafasi zote 900 zingebaki, na juu yake zingeongezwa sentensi ambazo mchezo wa zamani haukuwahi kuzitoa.

Wanaokaa nyuma ya darasa kuchambua masomo ya kielelezo wanaweza basi kuanza na kipimo kimoja, ambacho hakitaki fomu wala warsha: wahesabu watoto wanaotenda amri ya kwanza, kisha wahesabu wanaotenda amri ya mwisho. Idadi ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, somo limeshindwa, hata kama mshindi amepigiwa makofi.