Mimba ya Zohali, Ndoa ya Pete: Kuisoma Chozi la Heri Ukiwa Lodwar na Kakuma

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, chukua jibu lolote la insha ya fasihi lililoandikwa wakati Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilipokuwa ikitahiniwa, kati ya mwaka 2018 na 2022. Tafuta swali linalohusu masaibu ya vijana. Aghalabu utapata hoja ile ile: vijana wameharibikiwa kwa sababu ya malezi mabaya na kupotoka kimaadili. Chini yake yamepangwa majina ya Sauna, Zohali, Pete na Tuama, kila moja likivuta alama yake. Jibu hilo hupita. Hata hivyo, aliyeliandika hajaisoma riwaya, amesoma mwongozo. Riwaya imekwisha kutoka katika orodha ya vitabu teule, lakini bado iko kwenye rafu zetu, na mazoea hayo ya kusoma yamehamia kwenye vitabu vilivyoirithi.

Tuanze na Zohali. Huyu hatoki katika ufukara. Wazazi wake wana uwezo na elimu. Anapata mimba akiwa katika shule ya sekondari, na adhabu inayomfuata nyumbani inamsukuma hadi mitaani. Sasa mweke kando ya Pete, ambaye baba yake alimkana na ambaye alilelewa na nyanya. Akiwa darasa la saba, wajomba wanapokea mahari na kumwoza mzee Fungo awe mke wa nne. Ukisema kwamba wote wawili ni mifano ya 'mimba na ndoa za mapema', umesema kweli isiyofaa kitu. Zohali anaangushwa na aibu ya watu wenye hadhi, Pete anaangushwa na bei. Mwandishi amewatenganisha makusudi, nasi tunawarudisha katika kapu moja.

Tofauti hii mtahiniwa wa Lodwar huielewa kabla hujaanza kuifafanua. Anajua mahari ni nini pale utajiri unapohesabiwa kwa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Anajua kwamba ukame ukifagia mifugo ya boma, binti aliyebaleghe huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Anajua pia kwamba msichana akipata mimba, mara nyingi wazee huketi chini ya mti wakakubaliana mifugo ya faini, na suala likaishia hapo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kitendo hicho kwa aliye chini ya miaka 18 ni unajisi, na haimpi baba ruhusa ya kukisamehe kwa mbuzi. Basi usimwulize mwanafunzi huyu kama Pete alikuwa na maadili. Mwulize ni nani walionufaika na ndoa yake. Atakujibu kwa ushahidi wa kitabuni, na jibu lake litakuwa na uzito.

Kwa Tuama mambo yanageuka. Tuama nusura afe kutokana na tohara, lakini Waturkana hawana jadi ya kutahiri wasichana, wala wavulana. Mwanafunzi wa Lodwar anaweza kusema kwamba hayo ni ya wengine, akafunga ukurasa. Safiri naye basi hadi Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Huko, katika darasa moja, wamo Waturkana, Wasomali, watu wa Sudan Kusini, Wakongo na Warundi. Baadhi wametoka katika jamii zinazokeketa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imepiga marufuku tendo hilo kwa wote walio nchini. Kwa darasa kama hilo, somo la Tuama linataka adabu. Usimgeuze msichana aliyeketi mbele yako kuwa mfano wa ubaoni.

Kambi yenyewe ndipo riwaya hii inapopata wasomaji wake wa haki. Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi. Tunapofundisha Msitu wa Mamba, sisi tuliokulia kwingine huona mandhari. Mwanafunzi wa Kakuma huona foleni ya mgao, kuni zinazofuatwa mbali na hatari inayomsubiri msichana njiani. Lime na Mwanaheri wanabakwa mbele ya baba yao, Kaizari, katika vurugu za baada ya uchaguzi. Wengi wetu huliandika hilo chini ya 'ukatili' tukasonga mbele. Riwaya haisongi mbele haraka hivyo, kwani Mwanaheri anakuja kukaa na wenzake shuleni akisimulia. Na mgao wa chakula ulipopunguzwa sana huko Kakuma mwaka 2025, hakuna aliyehitaji mwongozo kumweleza jinsi njaa inavyomsogeza msichana karibu na mwanamume mwenye pesa.

Hapo ndipo nguvu kubwa ya Matei. Watu wazima katika riwaya hii wananyamaza, au wananyamazisha. Sauna anabakwa na baba wa kambo, Bwana Maya, na mama yake mwenyewe anamsaidia kuavya mimba, kisha siri inafungiwa ndani. Mwalimu Fumba anampa mwanafunzi wake mimba, anazaliwa Chandachema, na maisha ya Fumba yanaendelea vyema. Wanaovunja kimya ni wasichana wa shule, wakiketi pamoja na kusimuliana kwa mbinu rejeshi. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba mbinu hiyo 'inaturudisha nyuma' amepoteza alama aliyostahili. Ni kwa mbinu hiyo elimu ya afya ya uzazi inapitishwa humu, kutoka rika kwa rika, kwa kuwa nyumbani mlango umefungwa.

Hata hivyo siisifu riwaya kwa yote. Wokovu wake unategemea mno watu wema: Mtawa Pacha anamwokota Zohali, Mwangeka na Apondi wanampokea Umu. Sauna, aliyedhulumiwa akageuka mwizi wa watoto, anatiwa mbaroni pamoja na Bi. Kangara. Bwana Maya simwoni kizimbani. Sijui kama mwandishi alikusudia kejeli hiyo. Mimi ninaisoma kama kejeli, na ninaona ni swali bora kuliko yote ambayo kitabu hiki kimezaa. Wavulana nao wamepewa nafasi finyu. Aliyempa Zohali mimba hatusikii sauti yake, ilhali nusu ya darasa lako huenda ni wavulana wanaosubiri kuona sura yao.

Ukitaka kulijaribu hili darasani, andika ubaoni swali hili: "Zohali angeweza kurudi shuleni. Thibitisha au kanusha." Sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua kurejea masomoni ilikuwapo Kenya tangu mwaka 1994, na miongozo mipya ikatolewa mwaka 2020. Waache wanafunzi watafute katika riwaya ni nani aliyesimama mlangoni. Usitoe alama kwa neno 'maadili' mpaka mwanafunzi aeleze ni maadili ya nani.